Mpira Ulioharibika Stoo: Usianze Kutafuta Kosa Stoo

"Omera, mpira wako umekuwa mbao. Nimeuweka kwenye moldi, presi imefunga hadi mwisho, na umekataa kutembea."

Simu ilitoka Kisumu, Alhamisi asubuhi. Mpira wenyewe ulikuwa kompaundi nyeusi, yaani mpira uliokwisha kuchanganywa na dawa zake, ya SBR (mpira wa sintetiki wa stairini na butadieni) ya kutengenezea bushi za matatu, slabu 40 tulizochanganya hapa Nakuru siku 9 kabla. Nikaenda kwenye rafu yetu, nikachomoa slabu iliyobaki ya mchanganyiko uleule, yenye nambari ileile ya mchanganyiko kwa chokaa. Nikaikunja kwa mikono miwili. Ikakunjika kama chapati.

Mchanganyiko mmoja, siku zilezile, miji miwili, matokeo mawili. Wazo la kwanza ni kulaumu joto la Kisumu, nami nililaumu. Nitazirudia slabu hizo mwishoni, maana nilichokikuta kilinifanya nibadili namna ninavyotafuta chanzo kila mpira unapoharibika stoo.

Fikiria salio

Mpira wa sintetiki ukishatiwa salfa na akselereta, dawa ya kuharakisha, umeshaanza kuiva: minyororo mirefu ya molekuli zake inaanza kushikana. Haungoji presi. Presi ya nyuzi 160 humaliza kazi kwa dakika. Kwenye rafu kazi ileile huenda kwa majuma. Tofauti ni mwendo tu.

Kanuni ya mfukoni ni kwamba joto likipanda nyuzi 10, mwendo wa kuiva huongezeka takriban mara mbili. Chukua kompaundi inayoweza kukaa siku 40 kwenye nyuzi 20. Kwenye nyuzi 30 ina siku 20. Kwenye 40 ina siku 10, kwenye 50 siku 5, kwenye 60 siku mbili na nusu. Ukifika nyuzi 70 imebakiwa na saa 30 hivi. Haya ni makadirio, na kila resipe ina tabia zake, lakini yanatosha kumtia fundi adabu.

Ndiyo maana mimi huuona mpira kama simu yenye salio. Unatoka kwenye mizani na salio fulani. Kuchanganya kunakata, kupoza kunakata, lori linakata, rafu inakata, na presi inataka ikute kitu kimebaki ili mpira upate muda wa kutembea hadi kwenye pembe za moldi kabla ya kushikana. Na hakuna kibanda kinachouza kredo ya mpira. Kilichokatwa kimekatwa.

Mpira ghafi, yaani robota ambalo halijatiwa salfa, nao una salio, ila la namna nyingine: ile dawa ya kuzuia uzee, antioksidanti, iliyotiwa kiwandani. Oksijeni, joto, mwanga na vumbi la madini hula dawa hiyo kidogo kidogo. Ikiisha, mpira hubaki uchi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mpira uliingia stoo ukiwa na salio kiasi gani? Joto la stoo uliza baadaye.

Vipimo vya asiye na maabara

Viwanda hupima jinsi mpira ambao haujaiva unavyokataa kutembea kwa mashine ya Mooney, iliyoitwa kwa jina la Melvin Mooney wa Marekani aliyeibuni miaka ya 1930. Diski huzungushwa ndani ya mpira wenye joto la nyuzi 100: dakika 1 ya kupasha, dakika 4 za kuzungusha, kisha nambari husomwa. Ukiwa nayo, pima siku ya kuchanganya na upime tena kila juma. Nambari ikipanda, salio linakatwa.

Wengi wetu hatuna. Tunacho kisu, chupa ya glasi na kiyeyushi. Kata kipande cha mpira kama punje ya haragwe, kitie kwenye chupa yenye tolueni, funga, acha hadi kesho. Mpira ghafi wa SBR ulio mzima hulegea na kuyeyuka wote, ukabaki uji mwepesi. Ulioshikana huvimba kama haragwe lililorowekwa lakini hauachani hata ukitikisa. Petroli nayo hufanya kazi kwa SBR na BR (mpira wa butadieni peke yake), lakini mpira wa nitrili uliundwa kuikataa petroli. Huo tumia kiyeyushi kiitwacho MEK. Fanya kazi hii nje, mbali na jiko na mashine ya kuchomelea.

Ila kuna mtego. Kompaundi yenye kaboni nyeusi nyingi haiyeyuki yote hata ikiwa nzima, kwa sababu mpira hujishikiza kwenye chembe za kaboni. Usiihukumu peke yake. Weka kando yake chupa ya pili yenye kompaundi ya resipe ileile unayojua ni nzuri, ulinganishe hizo mbili. Nimewahi kuona mpira mzuri ukitupwa kwa sababu fundi alikuwa na chupa moja.

Robota ghafi lina ngozi ngumu juu, ndani ni zuri

Hili ndilo tatizo jepesi kuliko yote. Nailoni ya robota imechanika, jua limeingia dirishani, oksijeni ikafanya kazi juu ya uso. Tabia za mipira hutofautiana hapa na ni vizuri kuzijua. Mpira wa asili ukizeeka hulainika na kunata, kwa kuwa minyororo yake hukatika. SBR, BR na nitrili huelekea kinyume: minyororo hushikana, mpira unakuwa mgumu na wenye nyufa. Butili hulainika kama wa asili. Ukikuta robota linalonata gundi na karatasi zinasema ni SBR, tilia shaka karatasi.

Tiba: chuna ngozi, tumia kilichobaki, funika robota lijalo. Usiitupe ile ngozi ndani ya mchanganyiko ukidhani roli za kuchanganyia zitaisaga. Itatokea kwenye bidhaa kama vipele.

Robota lina mabonge hadi ndani

Hapa stoo yako haina kosa. Ukiyeyusha kipande kutoka katikati ya robota na ukakuta vijibonge vilivyovimba, kosa lilifanyika mpira ulipokuwa unatengenezwa, na inafaa ujue lilifanyika wapi ili ujue cha kumwuliza anayekuuzia.

SBR nyingi hutengenezwa majini. Stairini na butadieni hupigwa pamoja na sabuni hadi zikawa kama maziwa, kisha minyororo hukuzwa ndani ya vile vitone. Aina iitwayo baridi hukuzwa kwenye nyuzi 5 hivi. Ya zamani, ya moto, kwenye nyuzi 50. Aina ya baridi kwa kawaida husimamishwa takriban asilimia 60 ya malighafi ikiwa imegeuka mpira. Mgeni huuliza kwa nini wasiendelee hadi 100. Kwa sababu malighafi ikipungua, minyororo inayokua hukosa cha kula, ikaanza kushambulia ndugu zake. Huota matawi, matawi hushikana, mabonge huanza.

Kusimamisha kwenyewe ni kwa dawa, kwa mfano ditiokabamati ya sodiamu. Ikiwa haba, au ikachelewa, baadhi ya ncha za minyororo hubaki hai. Mpira hutolewa ile malighafi iliyobaki kwa mvuke, hugandishwa kwa chumvi na asidi, huoshwa, hukaushwa kwa hewa ya moto, na muda huo wote zile ncha bado zinatafuta pa kushika. Robota linafungwa likiwa na ugomvi ndani yake. Miezi mitatu kwenye meli na kontena, ugomvi huo unaonekana kama mabonge.

Antioksidanti ina wakati wake. Kiwanda kinachojua kazi huitia kwenye yale maziwa, kabla ya kuyagandisha, ili kila chembe iende kwenye kikaushio ikiwa imevaa. Ukiitia baada ya kukausha umechelewa, maana kikaushio ndipo mahali pa moto kuliko pote. Kuosha nako si kwa ajili ya usafi wa macho. Mabaki ya chuma, shaba na manganizi huharakisha uzee wa mpira hata yakiwa kidogo sana, na maji machafu au mabomba yenye kutu yanaweza kuyarudisha kwenye mpira uliokwisha kuoshwa.

Sisi hapa hatuwezi kurekebisha hayo. Tunachoweza ni kudai karatasi ya vipimo kwa kila shehena: nambari ya Mooney, kiasi cha kinachoruka kikipashwa (unyevu na mabaki), majivu, aina ya antioksidanti, na tarehe ya kutengenezwa. Narudia: ya kutengenezwa. Tarehe ya kufika Mombasa haina faida. Na ukiagiza, jua kwamba SBR 1500 ina antioksidanti inayotia rangi, na 1502 ina isiyotia rangi. Kwa mikeka myeusi ya zizi la ng'ombe, 1500 inatosha sana. Ya kutia rangi mara nyingi hulinda vizuri zaidi. Kwa mpira mweupe au wa rangi, 1502.

Robota limelala likawa bapa

BR, hasa yenye minyororo iliyonyooka, hutiririka polepole kwenye joto la kawaida. Unaweka marobota manne juu ya moja, unarudi baada ya mwezi, la chini limekuwa godoro na limeshikana na sakafu ya godauni. Halijaharibika. Watengenezaji hupunguza tabia hii kwa kuotesha matawi machache au kuunganisha minyororo kwa viungo kama kloridi ya silikoni au ya bati. Wewe liweke kwenye kreti, usilibebeshe wenzake, basi.

Kompaundi imeiva rafuni

Tatizo hili ndilo linalomaliza pesa. Dalili ni slabu isiyokunjika, au inayokunjika ikapasuka kwenye mkunjo. Uso wa bidhaa wenye mistari kama maganda. Moldi isiyojaa kwenye pembe. Vipele ambavyo havisagiki kwenye roli. Fuata nyayo kinyumenyume, kutoka rafuni hadi kwenye mizani.

Anza na rundo. Slabu zikitoka kwenye roli zina joto la nyuzi 70, 80, wakati mwingine zaidi. Mpira haupitishi joto upesi. Ukizipanga 40 kwa pamoja zikiwa bado moto, zile za nje hupoa kabla ya chai ya saa kumi, na zile za katikati hulala na joto lao kama ugali uliofunikwa. Jaribu jioni moja: panga rundo, funga kazi, asubuhi chomeka mkono kati ya slabu ya 20 na ya 21. Kuna siku utautoa haraka. Rudi kwenye hesabu ya salio: saa 12 kwenye nyuzi 70, kwa kompaundi yetu ya mfano, zinakata saa 12 kati ya 30. Asilimia 40 ya maisha yake imeliwa usiku mmoja, kabla slabu hazijapanda lori.

Kwa hiyo poza kwanza. Tumbukiza kwenye maji yenye sabuni ya kuzuia kunata, tundika kwenye fito, piga feni hadi zifike chini ya nyuzi 40, na zikauke kabisa, ndipo upange. Weka vijiti kati ya kila slabu tano ili hewa ipite. Kipimajoto cha kuchomeka kinachotumiwa jikoni kupimia nyama kinatosha. Chomeka katikati, si juu.

Rundo likiwa halina hatia, nenda kwenye mchanganyo. Je, salfa na akselereta vilitiwa mpira ukiwa na joto gani? Njia salama ni hatua mbili. Ya kwanza: mpira, kaboni nyeusi, mafuta, oksidi ya zinki, asidi ya steariki na antioksidanti, hiyo ikifika nyuzi 150 si neno, kwani hakuna salfa. Ipoze, ilale hadi kesho. Ya pili: rudisha kwenye mashine, tia salfa na akselereta, toa kabla ya kupita nyuzi 105 hivi. Karakana yenye haraka huunganisha hatua hizo mbili ili kuokoa nusu siku, kisha hupoteza mchanganyiko mzima. Nimefanya kosa hilo, na si mara moja.

Kisha tazama akselereta yenyewe. Jamii ya salfenamidi, kama CBS na TBBS, hutumiwa kwa sababu huchelewa kuanza kisha hukimbia. Lakini mfuko uliofunguliwa na kuachwa kwenye hewa yenye unyevu na joto huoza polepole, kemikali iitwayo amini hutoka ndani yake, na ule uchelewaji unapungua. Mfuko unaonekana uleule. Unga ni uleule machoni. Resipe haijabadilika, na bado mpira unaiva mapema. Mchanganyiko unaoanza kusumbua tangu siku ya kwanza, bila sababu nyingine, anza na tarehe ya mfuko. Jamii ya tiuramu, kama TMTD, ina pupa tangu mwanzo. Ukiizidisha ili kuokoa dakika kwenye presi, umezikopa kutoka stoo.

Halafu kuna mabaki. Kila karakana ina ndoo ya vipande vilivyokatwa kando ya moldi, na kila karakana ina mtu anayevirudisha kwenye mchanganyiko mpya. Kipande cha jana ambacho hakijaingia kwenye presi kina salio pungufu. Kilichoingia hakina salio kabisa. Cha kwanza unaweza kukirudisha, kidogo, kwenye mchanganyiko wa kutumika siku hiyohiyo. Cha pili ni takataka.

Kuna dawa ya kuchelewesha, inayoitwa CTP au PVI, ambayo kampuni ya Monsanto ya Marekani iliitoa kwa viwanda. Sehemu 0.1 hadi 0.3 kwa kila sehemu 100 za mpira hurefusha muda wa usalama bila kupunguza sana kasi ya kuiva kwenye presi. Ni nzuri. Lakini hailifufui lililokufa. Nimeona fundi akiitia kwenye slabu ngumu na kuzisaga upya kwa saa nzima, akiongeza joto la roli juu ya tatizo lililoletwa na joto.

Kloropreni imekuwa ngumu kama ubao: je, imekufa?

Nakuru ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, na usiku wa Julai baridi hiyo huifahamu vizuri mtu anayeamka kufungua geti. Mpira wa kloropreni nao huifahamu. Minyororo yake ina mpangilio mzuri kiasi kwamba ikipoa hujipanga safu na kuganda kama samli. Robota lililokuwa laini Machi linakuwa gogo Julai, na kuna watu huliuza kwa bei ya hasara.

Usiliuze. Kata kipande chenye unene wa kidole, kiweke kwenye chumba au oveni ya nyuzi 60 kwa saa kadhaa, kikunje. Kikilainika, kilikuwa kimeganda tu. Pasha robota zima usiku kucha kabla ya kulipeleka kwenye roli. Kikibaki kigumu, hapo kimeshikana, na chupa ya tolueni itathibitisha.

Kloropreni iliyokufa kweli ina dalili nyingine: harufu kali puani na kutu kwenye chuma kilicho karibu. Mpira huu una klorini, na ukizeeka hutoa asidi ya hidrokloriki, nayo asidi hiyo huharakisha uzee zaidi. Ndiyo sababu kompaundi yake hutiwa oksidi ya magnesi, kwa kawaida sehemu 4 kwa kila 100, kuimeza ile asidi, na sehemu 5 za oksidi ya zinki kuivisha. Magnesi hutangulia mwanzoni mwa kuchanganya. Zinki huja mwisho, mpira ukiwa umepoa. Ukizigeuza umeanza kuivisha kabla hujamaliza kuchanganya.

Na hiyo magnesi ina adui wake, hewa. Hunyonya unyevu na gesi ya kaboni dioksidi, ikapoteza nguvu huku imekaa kwenye mfuko. Kando ya ziwa Kisumu tatizo hili ni kubwa kuliko huku. Nunua vifuko vidogo vilivyozibwa, fungua kimoja, kimalize siku hiyo.

Pia uliza ni kloropreni ya aina gani. Aina zilizorekebishwa kwa salfa wakati wa kutengenezwa, zinazojulikana kama aina ya G, zina viungo vya salfa ndani ya mnyororo wenyewe. Viwandani hukatwa na kutulizwa kwa disalfidi ya tiuramu, lakini bado hazikai kama aina ya W iliyorekebishwa kwa kemikali iitwayo merkaptani. Kama utakaa na robota mwaka mzima na kazi yako hailazimishi G, chukua W.

Unga mweupe au wa njano juu ya slabu

Slabu zilikuwa nyeusi tii, sasa zina vumbi, na zikiwekwa moja juu ya nyingine hazishikani wakati wa kujenga bidhaa. Kitu kimezidi kile ambacho mpira unaweza kukishika kikiwa kimeyeyuka ndani yake, kikapanda juu. Kukijua ni rahisi: elekeza mashine ya kukausha nywele kwa uangalifu. Nta na asidi ya steariki huyeyuka na kutoweka karibu na nyuzi 60 au 70. Salfa haitikisiki hapo. Inataka zaidi ya 110, na rangi yake ina umanjano.

Jambo linalowachanganya watu ni kwamba baridi huzidisha salfa ya juu, kwa kuwa mpira baridi huyeyusha salfa kidogo. Umeepuka kuiva kwa kuweka slabu kwenye chumba baridi, ukajipatia unga. Tiba ni salfa isiyoyeyuka, ambayo hukaa kama chembe palepale ilipotiwa. Lakini nayo ikipashwa kupita nyuzi 105 hivi wakati wa kuchanganya hugeuka kuwa salfa ya kawaida, na fedha ya ziada uliyolipa inaondoka na moshi. Kwa slabu zilizokwisha kutoa unga, futa kwa kitambaa chenye kiyeyushi, acha ukauke, endelea na kazi.

Malengelenge baada ya presi

Chumba baridi kina dhambi ya pili. Ukitoa mpira wa nyuzi 15 ukaufungua kwenye hewa ya Kisumu, hutokwa jasho kama chupa ya soda. Maji hayo huingia kwenye presi, hugeuka mvuke, huacha malengelenge, na mtu huanza kulaumu akselereta. Acha mpira kwenye nailoni yake, umefungwa, hadi kesho yake. Ukifikia joto la chumba ndipo ufungue.

Gundi ya mpira imekuwa nzito mkebeni

Ongeza kiyeyushi, koroga, subiri saa. Ikirudi laini, kiyeyushi kilikuwa kimeruka, funga mkebe vizuri. Ikibaki na nyuzinyuzi na mabonge, imeiva, itupe.

Zile slabu 40

Nilipanda gari Ijumaa, Mau Summit, Kericho, nikateremka Ahero. Stoo ya jamaa ilikuwa ya mabati, haina dari, na slabu zilikuwa juu kabisa ya rafu, karibu na paa. Kipimajoto saa nane mchana kilisoma nyuzi 43. Usiku hupoa, kwa hiyo tukakubaliana wastani wa 35. Nikaona kesi imekwisha. Kisha nikapiga hesabu nikiwa nimesimama pale. Kompaundi ya siku 40 kwenye nyuzi 20 ina siku 14 kwenye nyuzi 35. Zimepita 9. Joto la Kisumu peke yake lisingeziua.

Tukazishusha zote chini, tukazikunja moja moja. Nilikuwa nimezipigia nambari za chokaa kwa mpangilio wa rundo la Nakuru. Slabu ya 1 hadi ya 8 zilikunjika, kwa taabu kidogo. Ya 34 hadi ya 40 vilevile. Zile za katikati ndizo zilizokuwa mbao, na ya 20 ilipasuka mkononi. Ile niliyoichomoa kwenye rafu yetu Alhamisi, nikakumbuka, ilikuwa imebaki juu ya rundo kwa sababu haikutosha kwenye paleti ya mbao.

Nikarudi na slabu 25 mbovu kwenye buti. Siku ile ya kuchanganya, umeme ulikuwa umepotea saa kumi na moja, feni zikasimama, nasi tukapanga zikiwa moto ili tufunge karakana.

Sasa kila rundo lina kipande cha kadibodi chenye mistari mitatu: nambari ya mchanganyiko, saa ya kupanga, na joto la katikati saa moja baada ya kupanga. Mstari wa tatu ukiwa zaidi ya 40, rundo linabomolewa, hata kama mlinzi ameshafunga geti. Jamaa wa Kisumu naye ameweka dari ya plaiwudi na kuhamishia slabu chini, na huanza na zenye tarehe ya zamani. Bushi alizipata wiki iliyofuata, tukamlipia lori.